Safu Aliyoiruka Ustadhi Masele

Balaa, kwa maelezo ya Masele mwenyewe, liliingia pamoja na kanzu. Kabla ya hapo alikuwa fundi pikipiki pale Makanyagio, mtu wa vicheko na mikono ya grisi, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usevya na ng'ombe wao akiwa bado ananyonya. Alisilimu ili amwoe Hana, binti wa marehemu mzee Mwandu, na kwa muda mrefu dini yake ilikuwa ya kimya kimya: anaswali, anafunga, anafungua gereji. Kisha akapanda treni kwenda Tabora kusoma Kiarabu kwa sheikh mmoja, akakaa huko mwaka na ushee, akarudi Mpanda na kanzu nyeupe, ubao wa kuandikia, na kichwa kilichovimba hata kofia ikawa haitulii.

Alichorudi nacho hakikuwa kingi. Alijua vitenzi vya wakati uliopo, alijua kidogo vya wakati uliopita, na wakati ujao hakuufikia kwa sababu pesa za kuendelea kukaa Tabora zilimwishia mapema. Hata huo wakati uliopo aliupata kwa taabu. Kiarabu kinataka mtu anayejisemea mwenyewe aanze kitenzi kwa "a", na Masele, kama Mswahili yeyote, akisikia "a" mbele ya kitenzi anamwona mtu mwingine kabisa, yule pale. Akiambiwa aseme "ninaandika" anasema "aktubu" huku kidole amemnyooshea jirani. "Masele," sheikh alimwambia siku moja kwa uchovu, "wewe kila ukijitaja unamsingizia mwenzako." Darasa zima la Tabora lilicheka, na Masele aliapa kimoyomoyo kwamba habari hiyo haitavuka kituo cha treni.

Haikuvuka. Mtaani kwake alishuka akiwa Ustadhi Masele, na kwa kuwa hakuna aliyejua kiasi cha kumpima, alijipima mwenyewe akajiona yuko vizuri sana.

Ustadhi mpya lazima awe na kitu cha kukataza. Masele alichagua mila. Pale kwenye kibanda cha kahawa, mbele ya wazee na madereva wa bodaboda, alitangaza kwamba mambo mengi ya kwao Usukumani ni ujinga wa zamani, na la kwanza ni lile la mkwe. Kwa ukoo wa kina Mwandu, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Hamtaji jina, hamsemeshi moja kwa moja, hali naye sahani moja, na wakikutana njiani lazima mmoja achepuke. Hali hiyo inakoma siku mkwe anapompelekea mama mbuzi wa kumfungua. Wakishamla mbuzi huyo pamoja, wanakuwa mama na mwana, wanapiga soga mpaka wachoke. Masele alipooa hakuwa na mbuzi, akasema atampeleka baadaye. Sasa alisimama na kikombe mkononi akatangaza kwamba hatampeleka kamwe, maana dini haimjui mbuzi wa namna hiyo. Alitaja na ushahidi. Siku hizi akijaribu kukumbuka ni ushahidi gani, haukumbuki, na anaogopa sana kwamba hakutaja wowote.

Tatizo ni kwamba mwili wake haukupata taarifa. Wiki hiyo hiyo alikuwa sokoni akinunua vitunguu, akamwona mama mkwe wake anakuja na kapu kichwani, mama mnene wa wastani, mwenye mwendo wa kutokuwa na haraka na mtu. Ustadhi aliyeifuta mila alijikuta amechuchumaa nyuma ya tenga la nyanya, kanzu imeshika tope. Mwuza nyanya alimwuliza kama anaumwa tumbo. Akajibu kwamba ndiyo, kidogo.

Jina la mama yule lilikuwa Kabula. Msomaji anaweza kulisema. Masele alikuwa hawezi.

Hana aliyavumilia yote hayo, maana alimpenda mumewe na alijua kwamba kanzu mpya inapoteza mng'ao ikifuliwa. Kilichomshinda kilitokea kwenye hitima ya jirani yao, mwanzoni mwa masika. Wanawake walimwomba Hana asome dua. Aliinua mikono, akasoma kwa sauti yake nzuri, na kwenye neno moja akaivuta herufi isiyovutwa. Masele, aliyekuwa mlangoni na wanaume, alimkatiza. Akamwambia alitamke upya. Akalitamka. Akamwambia bado. Mtaa mzima ulikuwa umeinua mikono hewani ukisubiri, watoto wamenyamaza, na Hana akilirudia neno lile kama mtoto wa chekechea, mpaka mumewe aliporidhika na kutikisa kichwa kwa hekima. Alimaliza dua, akaosha vyombo vyote vya ile hitima, na kesho yake asubuhi akafunga nguo zake, akarudi kwa mama yake Nsemulwa.

Masele alidhani atakaa siku chache. Mvua zikanyesha, mahindi yakabeba, Hana hajarudi. Nyumba ilikuwa kimya hata akawa anaongea na jiko. Hapo ndipo alipoelewa pabaya alipojiweka. Mke akirudi kwao, mume ndiye anayekwenda kumfuata, akae mbele ya wakwe aeleze yaliyomleta. Baba mkwe alishafariki. Aliyebaki ni mama, na mama huyo Masele hawezi kumsemesha kwa sababu hajamfungua, na kumfungua hawezi kwa sababu ametangaza kwenye kahawa kwamba mbuzi ni ujinga. Alijifungia mlango kwa mdomo wake mwenyewe na ufunguo akautupa mbele ya mashahidi.

Alimtuma mzee Sadala, imamu wa msikiti wao, Mkonongo mwenye maneno machache na macho ya kucheka. Mzee Sadala alikwenda, akanywa chai, akarudi.

"Anasemaje?" Masele akauliza.

"Anasema uende mwenyewe."

"Na Hana je?"

"Hana alinikaribisha vizuri. Alinipikia maandazi. Juu yako hakusema kitu."

"Sasa mimi nitaendaje, mzee wangu? Unaijua hali."

"Naijua," mzee Sadala akasema. "Na wewe ulituambia pale kahawani kwamba hali hiyo haipo."

Masele akajifariji na kazi. Mzee Sadala alikuwa amemwomba afundishe akina mama Kiarabu kila Jumamosi alasiri, kwenye chumba cha mabati pembeni ya msikiti. Alikubali haraka, maana mtu aliyedharauliwa nyumbani anatafuta mahali pa kuheshimiwa. Alipaka ubao rangi nyeusi, akanunua chaki, akaandaa hotuba ya ufunguzi yenye maneno makubwa. Jumamosi ya kwanza aliingia, akageuka kuwasalimu wanafunzi wake, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Mkekani, mstari wa mbele, katikati kabisa, amenyoosha miguu, alikuwa ameketi mama mkwe wake.

Masele aliligeukia dirisha. Alilifundisha dirisha lile mpaka mwisho wa kipindi.

Sasa lazima ijulikane jinsi alivyokuwa anafundisha, maana hapo ndipo palipomnasa. Yule sheikh wa Tabora alikuwa na njia ya kidole. Hakuna kufungua kitabu mpaka kidole kijue kitenzi. Ukisema "ninaandika" unajigusa kifuani. Ukisema "anaandika" unamnyooshea mtu wa mbali. Ukisema "unaandika" unamnyooshea uliye naye, unamtazama usoni, naye anakujibu vilevile akikutazama. Kila safu ya kitenzi lazima mwalimu aifanye na kila mwanafunzi, mmoja mmoja, ana kwa ana. Masele alikuwa ameshaisifia njia hii mtaa mzima. Alisema ndiyo njia ya pekee, na kwamba wanaofundisha kwa kukaririsha wanapoteza watoto wa watu.

Na Kiarabu, tofauti na Kiswahili chetu ambacho "wewe" ni wewe tu, kina "wewe" mbili. Kuna ya kumsemesha mwanamume, anta, yenye safu yake. Na kuna ya kumsemesha mwanamke, anti, nayo ina safu yake. Mbele ya darasa la akina mama watupu, safu ya kwanza kuhitajika ni ile ya mwanamke. Lakini akiiandika tu ubaoni, itabidi azunguke nayo mkeka mzima, na mkeka mzima una katikati. Kumruka mama yule peke yake ingekuwa tusi. Kumnyooshea kidole na kumwambia "wewe" ingekuwa tusi kubwa zaidi, na mkono wenyewe ulishagoma tangu mwanzo. Kila alipojaribu kuuinua upande ule uliganda begani.

Kwa hiyo Ustadhi Masele aliiruka safu. Aliandika anta, akaruka anti, akaenda moja kwa moja kwenye "mimi".

"Mwalimu, na sisi wanawake?" aliuliza Gaudensia, mwuza dagaa wa Karema, mwanamke aliyesilimu akapewa jina la Zuhura ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitumia.

"Tutafika," Masele akaliambia dirisha. "Kila kitu na wakati wake."

Hawakufika. Ili safu ya anta ipate wa kunyooshewa, alitundika kanzu yake ya akiba kwenye msumari ukutani, na akina mama wakawa wanasimama kwa zamu kuinyooshea kanzu ile, wanaiambia kwamba inaandika, inakunywa, inakwenda sokoni. Baadaye kanzu ikawachosha wakaanza kunyoosheana wao kwa wao. Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye chumba cha mabati, akina mama wa Makanyagio walitazamana usoni wakiambiana, kwa Kiarabu fasaha, maneno ya kumwambia mwanamume. Masele alilijua hilo. Kila akienda kulala alijiahidi kwamba wiki ijayo atarekebisha, na kila wiki aliingia, akaona mstari wa mbele, akaongeza kitenzi kingine.

Kuita majina nako kulikuwa kazi. Aliita wote, halafu akasema, "Na wa katikati yupo." Ilipofika zamu ya wa katikati kusimama na kusoma, alisema, "Anayefuata," akageukia dirishani, akasubiri.

Na wa katikati alikuwa anakosea. Alikosea vibaya. "Aktubu" alisema ni yule pale, "yaktubu", ambayo ndiyo ya yule pale, akasema ni sisi, na siku nyingine akachanganya zote akaongeza na Kisukuma. Gaudensia alikuwa anauma upindo wa kanga asicheke. Masele, ambaye mwanamke mwingine akikosea nusu ya herufi alimsimamisha hapo hapo, alikuwa anasema kwa upole, "Ahsante. Ahsante sana." Hakumsahihisha hata siku moja. Angemsahihishaje mtu ambaye hawezi kumwambia "wewe"? Mama akawa anaketi taratibu, anajirekebisha kanga, uso wake haujulikani unasema nini, kwa sababu Masele hajawahi kuutazama.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kiama kama mzee Sadala asingeleta mgeni. Alikuwa mwalimu wa kike kutoka Kigoma, Bi Mwanaidi, mama mtu mzima mwenye miwani, aliyekuwa anapita Mpanda kwenda arusini akaomba kuona darasa ambalo watu wanalisifia. Masele alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa na hofu, lakini, na hili ndilo linalomfanya ajicheke mpaka leo, alikuwa na furaha zaidi kuliko hofu. Alidhani atasifiwa.

Bi Mwanaidi aliketi mkekani na akina mama, akawaomba kwa upole wamsemeshe yeye. Chochote, kwa wakati uliopo. Gaudensia alisimama wa kwanza kwa kujiamini, akamnyooshea kidole, akamtazama usoni kama alivyofundishwa, akamwambia kwamba anakunywa chai. Akamwambia kama anavyoambiwa mwanamume mwenye ndevu. Wa pili akamwuliza, kwa namna hiyo hiyo, kama anaishi Kigoma. Wa tatu akamwuliza kama anapika. Bi Mwanaidi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mnasema vizuri sana," alisema. "Matamshi mazuri. Lakini mwalimu, mbona wote wananifanya mwanamume? Safu ya mwanamke anayesemeshwa iko wapi?"

Masele alitazama dirisha lake, na dirisha halikumsaidia. Alifungua mdomo aseme kwamba safu hiyo iko kwenye mpango wa miezi ijayo, akaufunga tena, kwa kuwa alikuwa anajua vizuri kwamba mpango wenyewe haupo.

Kutoka katikati ya mstari wa mbele ikasikika sauti ya taratibu, inayosemwa kwa mtu mwingine, kama inavyotakiwa.

"Gaudensia, mayu, mama yangu, mwambie mgeni wetu asimlaumu mwalimu. Mwambie mwalimu wetu ana adabu nyingi mno."

Chumba chote kiliangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakalala mkekani, mzee Sadala mlangoni akashika nguzo, na Gaudensia alikuwa anajaribu kumweleza mgeni habari ya mkwe na mbuzi huku machozi yanamtoka. Masele alisimama na chaki mkononi, akaelewa kitu ambacho angepaswa kukielewa tangu Jumamosi ya kwanza. Walikuwa wanajua. Wote, tangu mwanzo. Walikuwa wanajua kwa nini anaongea na dirisha, kwa nini kanzu imetundikwa, kwa nini safu imerukwa. Walikuja kila wiki kwa ajili ya Kiarabu, ndiyo, lakini kilichowafanya wasikose ni yeye Masele. Yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri.

Aibu ilimshika barabara. Usiku ule hakula. Asubuhi alipoamka aligundua kwamba aibu ikizidi sana inakuwa nyepesi. Hakubaki na heshima ya kulinda, basi hakubaki na mzigo. Alipiga simu Usevya kwa kaka yake Elias, akaomba mbuzi.

Elias alicheka kwanza, kisha akamletea beberu mweusi mwenye ndevu ndefu kuliko za ustadhi. Masele alimkalisha mapajani nyuma ya bodaboda, akamkumbatia, wakapita naye katikati ya mji mchana kweupe. Pale kibanda cha kahawa dereva, kwa ushenzi wake, alipunguza mwendo.

"Ustadhi, huyo ndiye yule ambaye dini haimjui?" mzee mmoja akauliza.

"Ndiye huyu," Masele akasema. "Tumejuana leo."

Beberu alimkojolea kanzu kabla hawajafika Nsemulwa.

Kabula alikuwa uani. Alimwona mkwe wake anaingia na kamba mkononi na kanzu imelowa, akafanya kama inavyofanywa: akageuka, akampa mgongo. Masele akafunga mbuzi kwenye mti, akapiga magoti umbali wa heshima, akasema maneno ambayo baba yake alimfundisha zamani na ambayo alidhani ameshayasahau. Alisema amekuja kumfungua mama yake. Alisema amechelewa. Kisha akaongeza ambayo hayamo kwenye mila, kwamba alichelewa kwa kiburi na anaomba radhi.

Mama akaenda akamkagua mbuzi meno, akampapasa mbavu, akaita vijana wa jirani wamchinje. Mchana nyama ilipoiva alitandika mkeka, akaweka sahani moja ya ugali na bakuli la nyama, akanawa, akamsukumia Masele beseni. Wakatia mikono pamoja. Ndipo akageuza uso, na Masele kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe wake usoni. Alikuwa na mwanya, na alikuwa na macho ya Hana, na macho hayo yalikuwa yamejaa kicheko cha miezi yote ile.

"Shikamoo, mama," Masele akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nimefunguliwa, naweza kukusema vizuri. Kula kwanza."

Alikula. Alisemwa. Alisemwa toka nyama ya bega mpaka mchuzi wa mwisho, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na hakumbuki mara nyingine aliyokula akashiba vile. Mwisho mama akajifuta mikono.

"Basi mimi yangu yameisha. Nilikuwa mlango tu. Hana yuko nyuma ya nyumba."

Hana alikuwa anapepeta mpunga uliotoka shambani. Alikuwa amejifunga kanga kichwani, vumbi la makapi limemtanda mikononi, na alipomwona mumewe hakuacha kazi. Masele alimtamani na akamwogopa kwa wakati mmoja. Alisimama pembeni ya turubai.

"Mama anasema darasani alikuwa anakosea kila Jumamosi," Hana akasema bila salamu.

"Alikuwa anakosea kidogo."

"Alikuwa anakosea makusudi. Kile kitenzi alikijua wiki ya kwanza. Jioni alikuwa anakuja kunifundisha mimi hapa hapa, hakosei hata kidogo. Alitaka kuona utamkatiza lini." Akarusha mpunga, akaudaka. "Mimi ulinikatiza mbele ya mtaa mzima kwa herufi moja. Yeye umemwacha miezi yote anakuharibia Kiarabu chako, unamwambia ahsante. Mimi nilikuwa nakutetea, Masele. Nilikuwa nasema hawezi kunyamaza, ndivyo alivyoumbwa, nimwonee huruma. Kumbe unaweza."

Neno hilo lilimwingia. Angeweza kusema kwamba yule ni mkwe, kwamba ule ulikuwa woga. Lakini alijua kwamba asilimia kubwa ya woga ule ilikuwa heshima, na kwamba mke wake mwenyewe hajawahi kumpa hata kijiko kimoja cha heshima hiyo.

"Nisamehe," akasema. "Nyumba imekuwa mbaya bila wewe. Naomba urudi."

"Mama umemfungua kwa mbuzi," Hana akasema. "Mimi sifunguliwi kwa mbuzi."

"Unafunguliwa kwa kitu gani, basi?"

Hana aliitazama kanzu yake, akaitazama na ile alama ya beberu, na midomo ikamcheza kidogo. Kisha akamnyooshea ungo wa pili.

Masele hakuwahi kupepeta maishani mwake. Alishika ungo kama usukani wa pikipiki, akarusha, na makapi yote yakamrudia usoni. Gaudensia alikuwa anapita na beseni lake la dagaa, akasimama. Wanawake wawili wa jirani wakasimama naye. Mama akatoka na kigoda chake, akaketi kivulini, tayari.

"Siyo hivyo," Hana akasema kwa sauti ya kusikika. "Unarusha juu mno. Tazama mkono wangu."

Akatazama. Akarusha.

"Bado. Unautikisa kama unafukuza kuku."

Wanawake wakacheka. Masikio ya Masele yakawaka moto, moto ule wa mtu kusahihishwa mbele za watu, na akajua kwamba Hana ameubeba moto huu peke yake tangu siku ya ile hitima. Alitaka kusema kitu cha kujitetea, kifupi tu, kilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Ahsante," akasema.

Hana alimtazama, mara hii kwa muda mrefu. Akamjazia ungo tena.

"Kesho uje asubuhi, upepo ukiwa mzuri. Bado magunia mengi."

"Nitakuja. Na magunia yakiisha?"

"Yakiisha utaniuliza mimi," Hana akasema. "Usimtume mzee Sadala, usimletee mama kitu. Utakaa pale, utaniuliza mimi, halafu utanyamaza usikilize nitakavyojibu."

Masele akasema sawa. Jua lilikuwa bado juu, na mpunga ulikuwa bado mwingi turubaini, wakaendelea kupepeta.